Nasaba na Historia ya Washonaji wa Mifarishi: Mfano wa Harriet Powers (1837–1910)

UTANGULIZI

Katika Kiswahili, neno mfarishi lina maana ya tandiko lililoshonwa kwa matabaka matatu: kitambaa cha juu, kitambaa cha chini, na pamba katikati, yote yakishikwa pamoja kwa mishono ipenyayo kutoka upande mmoja hadi wa pili. Neno lenyewe limetokana na Kiarabu, katika mzizi uonyeshao tendo la kutandika. Huko Marekani ushonaji wa mifarishi umekuwa kwa karne nyingi sanaa ya nyumbani, na hasa sanaa ya wanawake. Uso wa mfarishi ama huungwa kwa viraka, ama hupambwa kwa vipande vilivyokatwa kwa maumbo ya watu, wanyama na nyota, kisha vikashonewa juu ya kitambaa kikubwa. Mifarishi ya namna hiyo imehifadhiwa kwa wingi katika majumba ya makumbusho. Majina ya walioishona yamehifadhiwa machache mno.

Sababu za upungufu huo si ngumu kuzitambua. Mshonaji aghalabu hakutia sahihi katika kazi yake, kwa kuwa aliishona kwa ajili ya kitanda cha watu wa nyumbani mwake, na wao walimjua. Mwanamke alipoolewa aliliacha jina la baba yake, na kila alipoolewa upya jina lilibadilika tena. Hivyo mtafiti anayefuata uzao wa kike hupoteza njia katika kila harusi. Ama kwa mwanamke mtumwa, mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwani sheria haikumhesabu kuwa mtu mwenye nasaba, bali mali katika orodha ya mali.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi uchunguzi wa nasaba ulivyoweza kuwarudishia baadhi ya washonaji hao maisha yao. Mfano utakaotumiwa ni wa Harriet Powers, mwanamke aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Georgia. Hoja inayoshikiliwa hapa ni kwamba mtafiti wa maisha ya namna hii ana mashahidi watatu, yaani kitu chenyewe kilichoshonwa, karatasi za serikali na za watu binafsi, na masimulizi ya mdomo. Na kwamba hakuna hata mmoja kati yao anayefaa kuaminiwa peke yake. Katika habari za Harriet Powers, kumwamini shahidi mmoja kuliwafanya wasomi kwa muda mrefu wamnyime elimu aliyokuwa nayo.

KARATASI NA UKIMYA WAKE

Anayetafuta nasaba ya Wamarekani Weusi hukutana kwanza na sensa. Katika sensa za mwaka 1850 na 1860 watumwa waliandikwa katika orodha za peke yao. Chini ya jina la bwana ziliwekwa umri, jinsia na rangi ya kila mtumwa. Jina, kwa kawaida, halikuwekwa. Mwanamke wa miaka ishirini na mitatu aliyekuwa hodari wa sindano kuliko wote katika wilaya yake anaonekana katika orodha hiyo kama nambari tu, na hakuna chochote kimtofautishacho na mwanamke mwingine wa umri huo aliyekuwa akichuma pamba katika shamba hilo hilo.

Sensa ya mwaka 1870, iliyofanywa miaka mitano baada ya kumalizika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ndiyo ya kwanza kuwataja watu wote waliokuwa watumwa kwa majina yao, pamoja na ukoo, umri na kazi. Kwa sababu hiyo watafiti wa nasaba huutazama mwaka huo kama ukuta: upande wa huku kuna majina, na upande wa kule kuna nambari. Kuuvuka ukuta huo hakuwezekani bila kugeukia karatasi za mabwana wenyewe, kama vile wasia, hesabu za mirathi na hati za mauzo, ambamo mara nyingine jina la mtumwa hutajwa kwa sababu thamani yake ilikuwa ikikadiriwa. Sensa ya mwaka 1880 iliongeza jambo jingine la manufaa, yaani uhusiano wa kila mtu na mkuu wa nyumba. Ile ya mwaka 1900 iliwauliza wanawake ni watoto wangapi waliowazaa na wangapi waliokuwa hai.

Kati ya sensa hizo mbili za mwisho kuna pengo. Karatasi nyingi za sensa ya mwaka 1890 ziliharibiwa na moto uliotokea Washington mwezi wa Januari 1921, na zilizosalia zikaja kuteketezwa baadaye. Kwa hiyo kati ya mwaka 1880 na 1900 mtafiti hana sensa ya kumwongoza. Ni katika miaka hiyo ishirini ndipo Harriet Powers alipoishona mifarishi yake miwili inayojulikana leo.

Tatizo jingine ni la majina ya ukoo. Kule Gee's Bend, katika jimbo la Alabama, mahali ambapo mifarishi yake ilipata sifa kubwa baada ya maonyesho ya mwaka 2002 katika miji ya Houston na New York, washonaji wengi wana jina la ukoo la Pettway. Msomaji asiyejua historia angedhani kwamba wote ni wa damu moja. Kumbe Pettway lilikuwa jina la Mark Pettway, bwana aliyelichukua shamba hilo katika mwaka 1845, na watumwa wake wakabaki na jina hilo hata baada ya kupata uhuru. Jina moja hapo laonyesha umiliki uliokuwapo zamani, na undugu ni lazima uthibitishwe kwa njia nyingine.

MAISHA YA HARRIET POWERS

Harriet Powers alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1837, karibu na mji wa Athens. Aliolewa na Armstead Powers mwaka 1855, wakati ambapo ndoa ya watumwa haikutambuliwa na sheria, na akazaa watoto wasiopungua tisa. Katika sensa ya mwaka 1870 Armstead ametajwa kuwa mfanyakazi wa shamba, naye Harriet ameandikwa kuwa kazi yake ni kutunza nyumba. Maneno hayo ya karani ni ya kweli, lakini ni ukweli mwembamba. Mikono iliyoandikwa kuwa inatunza nyumba ndiyo iliyokuwa ikishona kazi ambazo baadaye zingewekwa katika majumba makubwa ya makumbusho ya nchi hiyo.

Katika miaka ya 1880 mume na mke huyu walipata shamba lao wenyewe la ekari nne. Huo ulikuwa ufanisi usio mdogo kwa watu waliotoka utumwani bila ya kitu. Mwaka 1886 Harriet aliuonyesha mfarishi wake katika maonyesho ya pamba ya Athens. Mfarishi huo una picha kumi na moja zilizotolewa katika Biblia, miongoni mwazo Adamu na Hawa bustanini, Kaini na Abeli, ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Yesu na kusulubiwa kwake. Jennie Smith, mwanamke mzungu aliyekuwa mwalimu wa sanaa katika mji huo, aliuona akataka kuununua. Harriet akakataa kuuuza kwa bei yoyote.

Miaka mitano baadaye, yaani mwaka 1891, Harriet alikwenda mwenyewe kwa Jennie Smith kuuuza. Alitaka dola kumi, akapewa tano. Kwa maelezo ya mnunuzi, aliuleta mfarishi ukiwa umefungwa vizuri kwa magunia safi, na baada ya kuuacha alirudi mara kadhaa kuutazama.

Masimulizi ya Jennie Smith yanaonyesha uchungu wa mshonaji, lakini hayatoshi kueleza kwa nini aliyekataa mwaka 1886 alikubali mwaka 1891. Jibu limo katika hati za ardhi. Katika miaka ya 1890 familia ya Powers ilikuwa ikiuza shamba lake kipande kwa kipande, na kabla ya muongo huo kwisha Armstead alikuwa amekwisha kuondoka. Mfarishi na ardhi vilitoka mikononi mwa familia hiyo katika kipindi kimoja cha dhiki. Hapo ndipo faida ya uchunguzi wa nasaba inapoonekana wazi. Anayetazama mfarishi peke yake huona ustadi wa sindano. Anayesoma simulizi la mnunuzi huona bahati njema ya kazi iliyookolewa isipotee. Lakini anayeweka hati za shamba kando ya mambo hayo mawili huona familia iliyokuwa ikifilisika, na mama akitoa kitu cha mwisho ambacho hakutaka kukitoa.

MANENO YALIYOPITA KATIKA KALAMU YA MWINGINE

Jennie Smith alifanya jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawakulifanya: alimwuliza mshonaji maana ya kila picha, akayaandika majibu. Lau si yeye, picha nyingi zingebaki mafumbo. Mwaka 1895 mfarishi ulipelekwa katika maonyesho makubwa ya Atlanta, na inaelezwa kwamba wanawake wa Chuo Kikuu cha Atlanta waliouona huko ndio walioagiza mfarishi wa pili, ambao ulitolewa zawadi mwaka 1898 kwa mchungaji Charles Cuthbert Hall. Ule wa kwanza sasa umo katika makumbusho ya Smithsonian huko Washington, na wa pili umo katika Makumbusho ya Sanaa ya Boston.

Hata hivyo, mwanafunzi wa lugha hawezi kulisoma andiko la Jennie Smith bila ya hadhari. Maelezo ya Harriet hayakutufikia kutoka kinywani mwake, bali yalipita katika kalamu ya mtu aliyemzidi kwa cheo na mali, ambaye mara kwa mara aliyaandika maneno ya mshonaji kwa tahajia ya kuigiza matamshi ya watu weusi, na papo hapo akaongeza maoni yake mwenyewe. Tatizo hilo si geni kwa wataalamu wa fasihi simulizi ya Afrika. Ngano nyingi za bara hili ziliandikwa na wamisionari na maafisa kwa namna iyo hiyo, na tahajia iliyodhaniwa kuwa ya uaminifu ikawa mara nyingine njia ya kumdunisha msimulizi. Tahajia ya kuigiza matamshi humfanya msomaji aamini kwamba mwenye kusema hawezi kuandika. Imani hiyo haina msingi, maana kila mtu hutamka kwa lafudhi, hata aliye na shahada.

BARUA NA KABURI

Kwa miaka mingi waandishi kadhaa walimtaja Harriet Powers kuwa mtu asiyejua kusoma wala kuandika, aliyezipata hadithi za Biblia kwa kuzisikiliza kanisani tu. Fikira hiyo ilifuata dhana ya jumla juu ya watu waliotoka utumwani, nayo ilionekana kuafikiana na namna alivyosawiriwa na Jennie Smith.

Mwaka 2009 mtafiti Kyra E. Hicks alitoa kitabu juu ya mfarishi wa kwanza na kazi nyingine za Harriet. Katika uchunguzi wake, kwa kufuata njia iliyopitiwa na mifarishi na watu walioishughulikia, alipata nakala ya barua ya mwaka 1896 ambayo Harriet alimpelekea mwanamke mmoja wa mji wa Keokuk, katika jimbo la Iowa. Humo Harriet aeleza habari za maisha yake kwa kauli yake. Asema kwamba alianza kujifunza kusoma akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, akisaidiwa na watoto wa kizungu. Aeleza pia mifarishi isiyopungua minne aliyoishona, mmojawapo ukiwa juu ya Karamu ya Bwana. Hivyo kazi iliyodhaniwa kuwa ya mifarishi miwili tu ilikuwa sehemu ya kazi kubwa zaidi.

Kabla ya hapo, mwaka 2005, jiwe la kaburi la Harriet na Armstead lilikuwa limeonekana tena katika makaburi ya Gospel Pilgrim huko Athens, yaliyoanzishwa mwaka 1882 na chama cha watu weusi cha kuzikana. Jiwe hilo laonyesha kwamba Harriet alifariki tarehe 1 Januari 1910, ilhali vitabu vilikuwa vikitaja mwaka 1911.

Mwaka mmoja wa tofauti katika tarehe ya kifo waweza kuonekana jambo dogo. Lakini suala la kusoma si dogo hata kidogo, kwa kuwa linabadilisha namna ya kuifasiri sanaa yenyewe. Mfarishi wa pili una picha kumi na tano, na baadhi yake hazikutoka katika Biblia. Mojawapo yaonyesha siku ya giza ya tarehe 19 Mei 1780, wakati mbingu zilipofunikwa mchana katika majimbo ya kaskazini-mashariki; nyingine yaonyesha mvua ya vimondo ya tarehe 13 Novemba 1833; nyingine baridi kali ya mwezi wa Februari 1895. Matukio mawili ya mwanzo yalitokea kabla Harriet hajazaliwa, na lile la 1780 lilitokea mbali sana na Georgia. Tarehe zenyewe ni sahihi, kama zithibitishwavyo na kumbukumbu za wanaanga na magazeti ya nyakati hizo.

Madhali iliaminika kwamba mshonaji hakujua kusoma, picha hizo zilichukuliwa kuwa ushahidi wa nguvu ya masimulizi ya mdomo peke yake. Baada ya barua kupatikana, hapana budi kufikiri upya. Yawezekana Harriet alisikia habari hizo kwa wazee na katika mahubiri, yawezekana alizisoma, na yawezekana kabisa kwamba njia zote mbili zilikutana katika kichwa kimoja, kama zinavyokutana kwa watu wengi wa Afrika na wa kwingineko. Lililo dhahiri ni kwamba mwanamke huyu alichagua matukio, akayapanga, akayatia tarehe, na kuyahifadhi kwa ajili ya watakaokuja. Hiyo ni kazi ya mwanahistoria, ijapokuwa aliifanya kwa sindano.

HADHARI JUU YA MASIMULIZI YA UKOO

Isidhaniwe, kutokana na yaliyosemwa, kwamba kila lisemwalo na familia ni la kweli na kila liandikwalo na karani ni la kupotosha. Mwaka 1999 Jacqueline Tobin na Raymond Dobard walitoa kitabu kilichodai, kwa kutegemea simulizi la mwanamke mmoja muuza mifarishi wa Charleston, kwamba watumwa walitumia michoro ya mifarishi kama alama za siri za kuwaongoza waliokuwa wakitoroka kuelekea kaskazini. Habari hiyo ilipendwa mno, ikaingia katika vitabu vya watoto na masomo ya shule.

Wanahistoria walipoichunguza, miongoni mwao Giles Wright na Barbara Brackman, hawakuona ushahidi wa kuiunga mkono. Katika miaka ya 1936 hadi 1938 wakusanyaji wa serikali waliandika masimulizi zaidi ya 2,300 ya watu waliopata kuwa watumwa, na alama hizo za siri hazimo. Hazimo pia katika vitabu vya maisha yao vilivyoandikwa na watoro wenyewe. Isitoshe, baadhi ya michoro iliyotajwa haikuwa imejulikana kabla ya utumwa kukomeshwa. Kitambaa nacho hutoa ushahidi wake: rangi za viwandani za kikemikali zilianza kupatikana baada ya mwaka 1856, na mishono ya cherehani haikuenea majumbani kabla ya nusu ya pili ya karne ya 19. Mfarishi unaosemwa kuwa wa mwaka 1830 lakini una rangi za namna hiyo umekwisha kujibu swali la umri wake.

Hali kadhalika, wataalamu wamelinganisha vipande vya Harriet vilivyoshonewa juu ya kitambaa na nguo za mapambo za Abomey, katika nchi iliyoitwa Dahomey na ambayo sasa ni Benin. Mfanano upo, nao wastahili kuchunguzwa. Lakini nasaba ya mtindo si nasaba ya damu, na mfanano hauwezi kujaza nafasi ya hati ambayo ingetaja wazazi wa Harriet walikotoka. Heshima ya kweli kwa mshonaji ni kumpa ukoo uliothibitishwa, hata ukiwa mfupi, kuliko kumpa ukoo mrefu wa kubuni.

KITAMBAA NA PWANI YA AFRIKA MASHARIKI

Habari hizi hazikosi kuigusa Afrika Mashariki. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Seyyid Said ulitiwa sahihi mwaka 1833, na tangu hapo kitambaa cha pamba kilichofumwa katika viwanda vya New England kiliingia Unguja kwa wingi, kikapelekwa bara na misafara. Wenyeji walikiita merikani, na neno hilo limebaki katika Kiswahili hata baada ya kitambaa chenyewe kushindwa na vya nchi nyingine. Pamba ya viwanda hivyo ilitoka majimbo ya kusini, ikalimwa na kuchumwa na watu ambao sensa ya 1860 haikuwataja majina. Vita vya 1861 hadi 1865 vilipozuia pamba hiyo, biashara ya merikani huku nayo iliyumba.

Neno moja la Kiswahili, basi, limehifadhi jina la nchi iliyouza kitambaa, na halikumhifadhi hata mmoja kati ya walioilima pamba. Huku pwani nako wanawake waliounga leso vipande kwa vipande katika karne ya 19, kabla ya kanga kuchapwa zikiwa nzima, hawakuacha majina katika kazi zao. Jina lililokuja kuchapwa kwenye pindo ni la mfanyabiashara.

HITIMISHO

Tangu mwaka 1981, ulipoanza mradi wa Kentucky wa kuorodhesha mifarishi, majimbo mengi ya Marekani yamefanya kazi ya aina hiyo. Wenye mifarishi huombwa wailete mahali pamoja; kila mmoja hupigwa picha, hupimwa, na mwenye nao huulizwa ni nani aliyeushona, alizaliwa wapi, aliolewa na nani, na umepita mikononi mwa nani. Majibu huandikwa kwanza kama yalivyotolewa, ndipo yakalinganishwa na sensa, hati za ndoa, mawe ya makaburi na kitambaa chenyewe. Utaratibu huo hauhitaji mitambo ya gharama, na ungeweza kufuatwa kwa kofia za kudarizi, mikeka na leso kuukuu zilizomo katika masanduku ya Lamu, Mombasa na Unguja, maadamu wako wajukuu wanaoweza kutaja jina la bibi aliyezitengeneza. Majina hayo yasipoulizwa sasa, yatakwenda na wenye kuyajua. Na mtafiti wa kesho atabaki na kitu kizuri mkononi, na karatasi iliyoandikwa tu kwamba mwenye kukifanya kazi yake ilikuwa kutunza nyumba.